Kidole, sindano au kikombe: shingo sugu uipeleke wapi?

Kipimo cha shingo yangu ni salamu ya mwisho wa sala. Siku njema, salamu ya kulia inafika mpaka namwona aliyekaa ubavuni kwangu, kofia na ndevu. Siku mbaya shingo inagoma njiani, macho ndiyo yanayomalizia safari. Huu ni mwaka wa nne. Kazi yangu ni kuhariri maandishi, kutwa niko mbele ya kompyuta, kichwa kimetangulia kama cha kobe anayechungulia. Maumivu yenyewe yana anwani moja isiyohama: bega la kulia, juu, katikati ya shingo na ncha ya bega, pale pale kamba ya mkoba inapokaa.

Katika miaka hiyo nimepita mikono mitatu. Kwanza shangazi yangu kule Tanga, ambaye amekuwa akichua watu kwa mafuta ya nazi tangu sijazaliwa. Kisha daktari wa sindano za Kichina hapa Dar es Salaam. Mwisho ustadhi wa hijama, ile tiba ya kuumika kwa vikombe. Kilichonifanya niandike ulinganisho huu ni kwamba wote watatu, bila kuulizana, walikwenda mahali pale pale. Shangazi aliweka kidole gumba, daktari akachoma sindano, ustadhi akabandika kikombe. Basi ule ubishi wa tiba ya nani ndiyo ya kweli nimewaachia wenye nafasi. Ninachouliza mimi ni hiki: kama mahali ni pamoja, chombo kipi kinaufaa mwili wako, mfuko wako na ratiba yako?

Kabla hujampa mtu shingo yako

Shingo uliyoamka nayo juzi imekaza kwa sababu ulilala vibaya si shingo sugu. Wachina wanaiita luozhen, yaani mto ulioanguka, na wana pointi yake nyuma ya kiganja, kati ya mifupa ya kidole cha shahada na cha kati. Ibonyeze ukipenda huku unageuza shingo polepole. Hata usipoibonyeza, mara nyingi siku chache zinatosha. Sugu ni maumivu yaliyopita miezi 3, na hayo ndiyo ninayoyazungumzia hapa.

Zipo pia shingo ambazo hazitakiwi kwa shangazi wala kwa ustadhi. Umeanguka na bodaboda na tangu siku hiyo shingo inauma. Mkono umelegea, vitu vinakudondoka, vifungo vya shati havikubali. Miguu imekuwa mizito au unayumba ukitembea, mkojo haushikiki. Una homa na kichwa kinapasuka, na kidevu hakifiki kifuani. Unakonda bila sababu na usiku unaloa jasho, maana kifua kikuu hakikai kifuani tu, huingia hata kwenye mifupa ya uti wa mgongo, na mfupa wa namna hiyo haukandwi. Umewahi kutibiwa saratani. Au maumivu ya shingo, taya na mkono yanakuja ukipanda ngazi na kutulia ukikaa; hayo huenda ni ya moyo. Yeyote kati ya hawa aende hospitali kwanza, hata kama mchuaji wake ni mama yake mzazi.

Kisima cha bega

Tupatafute mahali penyewe, kwa sababu ukishapajua hutababaishwa na mtu. Weka kiganja cha kushoto juu ya bega la kulia, kiukumbatie mnofu. Inamisha kichwa kidogo: ule mfupa unaochomoza chini ya shingo kwa nyuma ndio mwanzo wa safari, na ncha ya bega ndiyo mwisho. Nusu ya njia, juu kabisa ya mnofu, bonyeza kwa kidole cha kati. Kama wewe ni mtu wa kukaa kama mimi, utavuta pumzi kwa meno.

Wachina wanapaita Jianjing, kisima cha bega. Janet Travell, aliyekuwa daktari wa Rais John F. Kennedy, alifanya kazi miaka mingi pamoja na David Simons kuchora ramani ya mafundo ya misuli. Moja ya mafundo hayo liko kwenye msuli huu huu, na alionyesha jinsi uchungu wake unavyopanda ubavuni mwa shingo mpaka kwenye panja, ndiyo maana wengi wetu tunameza vidonge vya kichwa wakati mgonjwa ni bega. Mwaka 1977 Ronald Melzack na wenzake walizilinganisha ramani hizo mbili, ya Kichina na ya mafundo, wakasema zinafanana kwa asilimia 71. Wengine wakaja kuipinga hesabu hiyo, wakaona imekuwa karimu mno. Shangazi hana ramani yoyote. Anasema tu, "Hapa pana fundo, mwanangu," na hajawahi kupakosa.

Pointi ya pili ni Fengchi, bwawa la upepo: vishimo viwili kisogoni, chini ya fuvu, kila upande wa ile misuli miwili minene ya katikati. Wachina wa kale waliamini upepo huingilia hapo. Wazee wetu nao wakiona mtu shingo imekaza husema kapigwa na upepo, kwa hiyo tungeelewana nao bila mkalimani. Watu wa hijama wana al-kahil, chini ya shingo kati ya mabega, ambayo imetajwa katika hadithi za Mtume (S.A.W.) pamoja na al-akhda'ain, ile mishipa miwili ya pembeni mwa shingo.

Kidole

Chini ya jina hili nimeweka watu watatu wanaofanana lakini si ndugu. Kuchua kwetu kunakwenda na mafuta, mkono unateleza. Akupresha ya Kichina na shiatsu ya Kijapani hazitelezi: kidole kinatua kwenye pointi, kinazama, kinakaa, mara nyingi juu ya nguo. Shiatsu yenyewe maana yake ni mgandamizo wa kidole. Aliyeitangaza zaidi ni Namikoshi Tokujiro, aliyefungua chuo chake Tokyo mwaka 1940, na mwaka 1954 akaitwa kumkanda Marilyn Monroe alipokuwa Japani fungate. Lakini muda mrefu kabla yake, kuchua kulikuwa kazi ya wasioona huko Japani. Sugiyama Waichi, kipofu wa karne ya 17, aliwafundisha wenzake kazi hii na akatumia kijibomba cha kuongozea sindano ambacho mpaka leo kinatumika. Nalitaja hili kwa sababu mchuaji mzuri utamjua hivyo hivyo: haangalii bega lako, macho yake yako dirishani, kazi anaifanya kwa kidole.

Shangazi haanzi na shingo. Anatia chupa ya mafuta kwenye sufuria ya maji ya moto, anayajaribu kwa kiwiko, kisha anaanzia vidole vya mkono, anapanda kigasha, anapita nyuma ya bega, na shingo anaifikia wakati nimeshasahau kwamba ndiyo iliyonileta. "Shingo haivamiwi," anasema. Akifika kwenye fundo anaacha kuteleza. Anabonyeza, anangoja pumzi tano sita, na kuna wakati unasikia kabisa nyama inalegea chini ya gumba lake kama sabuni iliyolowa. Kesho yake panauma kama mtu aliyeshinda analima. Keshokutwa salamu inafika.

Na inafika kwa siku nne hivi. Hapo ndipo penye tatizo la kidole: kinafanya kazi, lakini kinataka kurudiwa. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 uliwagawa watu 228 wenye maumivu sugu ya shingo katika makundi yaliyochuliwa kwa vipimo tofauti kwa wiki 4. Vikao vya dakika 30 havikufua dafu, hata vilipokuwa vitatu kwa wiki. Vilivyoonyesha tofauti ni vya saa nzima, mara 2 au 3 kwa wiki. Soma tena hapo, halafu fikiria ile huduma ya robo saa kwenye kiti mle kwenye maduka makubwa. Inaburudisha, sikatai, lakini kwa shingo ya miaka minne ni kama kumwagilia shamba kwa kikombe cha kahawa.

Kidole kinawashinda wengine wote kwa jambo moja: ni chombo pekee unachoweza kujitumia mwenyewe bila kumdhuru mtu. Kwa kisima cha bega, mkono wa upande wa pili unatosha. Vidole viwili vya kati, bonyeza mpaka ufike kwenye uchungu mtamu, ule unaokufanya useme "hapo hapo", si ule unaokufanya ukaze meno. Kaa sekunde 30 mpaka dakika moja huku unapumua, achia taratibu, rudia mara tatu. Vishimo vya kisogoni vinataka magumba mawili, viganja vimekumbatia kichwa, na unakiachia kichwa kiegemee nyuma juu ya vidole badala ya kusukuma. Nyuma ya bega, pasipofikika, tia mpira wa tenisi kwenye soksi, uegemee ukutani. Mbele ya shingo usibonyeze kamwe, hata kidogo. Pale pana mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani, na kuukandamiza kunaweza kuangusha mtu. Na mama mjamzito aambiwe kwamba kwa desturi ya Kichina kisima cha bega, pamoja na pointi ya Hegu kati ya gumba na kidole cha shahada, huachwa mpaka uchungu wa kuzaa ufike. Ushahidi wake si mzito, lakini sioni sababu ya kubishana nao.

Sindano

Akupancha, yaani hizo sindano za Kichina, si mgeni kwetu. Madaktari wa China wamekuwa wakija Zanzibar tangu mwaka 1964 na Tanzania Bara tangu 1968, na wapo wazee waliochomwa sindano hizi kabla wengi wetu hatujajua kusoma. Sindano yenyewe ni nyembamba kama unywele wa singa, na wanaoiogopa zaidi ni wale wanaofikiria sindano ya kwinini. Kuingia haiumi. Kinachoshangaza ni kinachofuata: daktari anaizungusha kidogo, na mahali panakuwa pazito, pana ganzi ya kuvuta, kama mtu kaweka jiwe la kinu chini ya ngozi. Wachina wanaita deqi, na daktari wangu hakuwa anaridhika mpaka nimwambie nimeipata. Halafu unaachwa umelala kifudifudi kama nusu saa, taa imepunguzwa. Mimi nilikuwa nasinzia.

Kwa ushahidi, sindano imetangulia. Utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2015 uliwachukua watu 517 ambao shingo zao ziliuma kwa miaka, wengine wakapewa vikao 12 vya akupancha, vya hadi dakika 50 kila kimoja, juu ya matibabu yao ya kawaida. Baada ya mwaka mzima bado walikuwa na nafuu kuliko waliobaki na matibabu ya kawaida peke yake. Lakini tusipige chuku. Tofauti kati ya makundi hayo ilikuwa karibu alama 4 katika kipimo cha 100. Na kundi la tatu, lililofundishwa namna ya kukaa, kusimama na kubeba kichwa kwa mbinu ya Alexander, lilipata nafuu ile ile. Sindano na darasa la kukaa vizuri walifika mwisho wa mbio wameshikana mikono. Tafiti nyingine zilizolinganisha sindano halisi na za kuigiza zimeonyesha kwamba halisi inashinda, ila kwa tofauti ndogo. Sehemu ya nafuu basi ni sindano, na sehemu ni kulala gizani nusu saa huku mtu anakujali. Mimi sina ugomvi na nafuu ya namna hiyo, mradi nijue ninachokinunua.

Waingereza walipoandika mwongozo wao wa maumivu sugu mwaka 2021 waliruhusu akupancha, lakini kwa mzunguko mmoja usiozidi saa 5 za mtaalamu. Hesabu hiyo inasaidia mfukoni. Jiwekee mwisho: vikao sita hivi, na kama kufikia cha sita shingo haijabadilika, mshukuru daktari uondoke. Anayekuambia ulipie vikao thelathini kwa mkupuo, hata kabla ya cha kwanza, anauza vikao.

Hatari yake ni nadra lakini ina jina. Chini ya kile kisima cha bega, si mbali, iko ncha ya juu ya pafu. Sindano ikizama moja kwa moja kwenda chini kwa mkono usiojua, pafu linaweza kutoboka na kunywea. Ndiyo maana anayejua kazi mara nyingi huinua mnofu kwa vidole na kuichoma sindano kwa mlalo. Ukitoka hapo ukaanza kukosa pumzi au kifua kikachoma upande mmoja, usiende kulala. Nenda hospitali, uwaambie umechomwa sindano bega.

Kikombe

Na sisi tulikuwa na kikombe chetu kabla ya plastiki. Kilikuwa pembe ya mnyama, ndumiko au chuku, na kazi yenyewe ni kuumika: mwumikaji anakata chale ndogo, anabandika pembe, ananyonya hewa kwa mdomo kupitia tundu la juu na kuliziba kwa nta. Kupiga chuku kulikuwa hivyo, kabla maneno hayo hayajahamia kwa watu wenye kutia chumvi habari. Siku hizi hijama ina pampu ya mkono na vikombe vinavyoonyesha ndani, na vituo vimejaa kila mtaa wa Pwani.

Tenganisha mambo mawili. Kikombe kikavu kinavuta ngozi juu, kinaacha duara jeusi la siku kadhaa, na damu haitoki. Kikombe cha damu kinavuta, kinatolewa, ngozi inachanjwa, kinarudishwa. Kwa kikavu, Wajerumani waliwajaribu watu 61 mwaka 2013: mwenza wa mgonjwa alifundishwa kumchua kwa kikombe nyumbani mara mbili kwa wiki, kwa wiki 12, na kundi jingine likafundishwa kulegeza misuli kwa mazoezi ya utulivu. Mwisho wa wiki 12 maumivu yalikuwa yamepungua sawa, hakuna aliyemshinda mwenzake. Kwa cha damu, yapo majaribio yaliyoonyesha nafuu ya siku chache, lakini ni madogo, na sioni jambo ambalo wembe unaliongezea fundo la msuli.

Haya ni maoni yangu, na najua nitasikia habari yake msikitini. Mtu anayefanya hijama kwa nia ya sunna, akachagua tarehe 17, 19 au 21 za mwezi mwandamo, ana hesabu nyingine na Mola wake na mimi siingii humo. Lakini kama unachotafuta ni shingo tu, basi kikombe cha damu ndicho chombo chenye hatari nyingi zaidi kwa faida ile ile. Wenye kisukari, selimundu, upungufu wa damu, au wanaotumia dawa za kuzuia damu isigande, wasiiguse bila ruhusa ya daktari wao. Na kwa wote, kuna homa ya ini na kuna virusi vya UKIMWI. Mara ya pili nilipokwenda, mahali pengine si pa ustadhi wangu, nilikuta wembe umeshatolewa kwenye karatasi yake, uko juu ya meza, unaningoja. Nikasema nimesahau simu kwenye gari. Gari sina. Wembe, vikombe na glavu vifunguliwe mbele ya macho yako. Na pembeni mwa shingo, hata kama jina la pointi lina historia tukufu, wembe usipite.

Ukiviweka pamoja

| | Kidole | Sindano | Kikombe cha damu |
|---|---|---|---|
| Kikao | saa nzima kikiwa cha mchuaji, dakika 5 ukijifanyia | dakika 30 hadi 50 | karibu saa moja |
| Marudio | mara 2 au 3 kwa wiki mwanzoni | vikao 6 hadi 12, kisha basi | mara chache |
| Ushahidi kwa shingo sugu | wa wastani, ukitegemea urefu wa kikao | mkubwa kuliko wenzake, faida ndogo hadi ya kati | mdogo |
| La kuogopa | mbele ya shingo, nguvu kupita kiasi | pafu, sindano isiyo mpya | maambukizi, kupoteza damu |
| Kujifanyia | ndiyo | hapana | hapana kabisa |

Bei sizipangi kwenye jedwali kwa sababu zinabadilika kila mtaa. Nilipokuwa nalipa, kikao kimoja cha sindano kilinitoka karibu sawa na vitatu vya mchuaji wa mjini, na cha shangazi ni nauli ya basi na kilo mbili za sukari. Usilinganishe bei ya kikao. Linganisha bei ya mwezi. Sindano mara moja kwa wiki na mchuaji mara tatu kwa wiki zinakutana mahali pamoja, na hapo anayekaa karibu na nyumbani kwako ndiye mshindi, maana saa mbili kwenye foleni ya Mbagala, shingo imeshikilia bomba la daladala, zinarudisha kila kitu kilichoondolewa.

Kuhusu mtu wa kumwamini, Tanzania Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake ndilo linalosajili watoa huduma. Uliza cheti. Anayestahili hukionyesha bila kununa, na mara nyingi kimeshatundikwa ukutani. Shangazi yangu hana, na kwa kuchua ndugu hajawahi kuulizwa, lakini mtu wa kukuchoma au kukuchanja hana udhuru.

Kuna mmoja sikumweka kwenye jedwali kwa makusudi, naye ni kinyozi. Unanyolewa vizuri, unasuguliwa kichwa, mara ananyakua kidevu na kisogo, anazungusha, shingo inaalika kama kuni kavu. Watu wanacheka na kulipa. Mzunguko wa ghafla namna hiyo unaweza kuchana ukuta wa mshipa unaopanda ndani ya mifupa ya shingo, na mwisho wake ni kiharusi, hata kwa kijana. Haitokei mara nyingi. Mimi hata hivyo namwambia mapema, kabla hajanivika kitambaa: kichwa nyoa, shingo niachie.

Wa nne, asiye na kibao barabarani

Ningelianza na huyu mngeacha kusoma. Wadenmark waliwachukua wafanyakazi wa ofisini 198 wenye shingo na mabega ya kuuma, wakawapa mpira wa kuvuta na zoezi moja tu: unakanyaga mpira, unanyanyua mikono pembeni mpaka usawa wa mabega, unashusha. Kundi moja lilifanya dakika 2 kwa siku, jingine dakika 12, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 10. Wote walipata nafuu, na wa dakika 2 hawakuachwa mbali. Dakika mbili! Msuli unaonyanyua mkono hivyo ni jirani na mwenza wa ule ule wenye kisima cha bega.

Tangu nilipoanza zoezi hilo ndipo nikaelewa kwa nini zile siku nne za shangazi zilikuwa zinakwisha. Alikuwa anafungua fundo kwenye msuli dhaifu, na mimi naurudisha msuli dhaifu kwenye kiti kile kile saa nane kwa siku. Kidole au sindano inakupa siku kadhaa ambazo shingo inageuka bila kulia. Siku hizo ndizo za kuanza mpira, kwa sababu kabla ya hapo kila zoezi linauma na unaacha. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuonyesha na lile la kuvuta kidevu nyuma, kama mtu anayekataa kubusiwa, linaloamsha misuli ya ndani ya shingo. Kikao chake kimoja cha kufundishwa vizuri nakipa thamani kuliko vingi vya kulala tu.

Ningechaguaje, basi? Kwa mtu anayekaa kama mimi, fundo moja, hakuna dalili mbaya: mchuaji wa saa nzima kwa wiki 3 au 4, kidole chako mwenyewe kila jioni, na mpira kuanzia wiki ya pili. Kama umeshachuliwa weee na bado, au huvumilii mgandamizo, au shingo inakuja pamoja na kipandauso, jaribu sindano, vikao 6, na mpira ule ule. Kikombe kikavu kwa mwenye mwenza mvumilivu nyumbani, sawa, kitafanya kazi ya kidole. Cha damu, nimeshasema.

Mpira rasmi wa mazoezi unauzwa, lakini mimi nilikwenda kwa fundi baiskeli wa mtaani nikaomba kipande cha tyubu kuukuu, mita moja na nusu. Akanikatia bure, akanitazama ndevu, akauliza mzee mzima nataka manati ya nini. Nikamwonyesha zoezi pale pale, nimekanyaga tyubu, mikono juu. Akasema na yeye bega la kushoto linamsumbua tangu mwaka jana, akajikatia chake.